Besi Haikufika Katikati

“Kama huna la kuficha, fungua buti,” Peninah alisema kwa mara ya pili, na safari hii hakushusha sauti.

Athanase alikuwa na funguo za gari mkononi lakini hakuzitumia. Ugomvi ulikuwa umeanzia jikoni, ukapitia ukumbini, ukatoka nje, na sasa watatu hao walikuwa wamesimama barabarani mbele ya nyumba ya Peninah, Nechells, mjini Birmingham, mchana wa Jumanne. Jirani wa mkono wa kulia alikuwa ameshika mfuko wa taka hewani kama mtu aliyesahau pipa liko wapi.

“Mama Rita, mi nimeomba tu waya za bendi,” Athanase akasema. “Siku tatu. Nafungua moja moja, naangalia, narudisha. Ni hiyo tu.”

“Umeomba waya zote. Mtu anayetafuta ubovu mmoja haombi zote.”

“Ile mbovu sijue ni gani. Ndiyo sababu naomba zote.”

Bethuel, mume wa Peninah na mpiga gitaa la besi katika bendi ya Chemchemi, alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. Ya kwake alishayasema ndani: kwamba tangu Pasaka besi yake haisikiki, kwamba anayeshika miksa, ile meza ya kupanga sauti, ni Athanase peke yake, na kwamba mtu anayeshika miksa ya bendi moja Jumamosi hapaswi kuonekana Alhamisi akishika ya bendi nyingine. Eric, mwimbaji wao, alimwona kwa macho yake kwenye mazoezi ya bendi ya vijana wa Coventry. Athanase hakukana. Alisema miksa yao ilikuwa imeharibika, akaitengeneza, akalipwa pauni ishirini, na akauliza kama hilo ni kosa.

Kwa Peninah jibu hilo lilikuwa la haraka mno. Mtu mwenye majibu tayari ni mtu aliyekaa nayo usiku.

Hatimaye Athanase akafungua buti. Ndani mlikuwa na kiti cha mtoto, mfuko wa viazi, koti la kazi la njano na kreti la waya. Peninah akainama akazitoa moja moja, akiziweka juu ya lami. Kila waya ulikuwa umezungushiwa utepe mweupe wenye jina lake, ATHANASE, kwa kalamu, herufi za mtu aliyewahi kuibiwa. Alizigeuza zote kumi na nne. Hapakuwa na hata moja ya bendi.

Hapo ndipo angeweza kusema samahani. Badala yake akauliza zote hizo kazipata wapi.

“Nilinunua. Risiti ziko kwa nyumba, ukitaka.” Athanase akaanza kuzikusanya mwenyewe. Hakuna aliyemsaidia.

“Jumamosi usijisumbue,” Bethuel akasema kutoka ukutani. “Tutajisimamia.”

“Bon.” Athanase akafunga buti polepole, kama mlango wa chumba cha mgonjwa. “Lakini amplifaya yako usiipandishe, Baba Rita. Haitakusaidia.”

“Unaona?” Bethuel akamwambia mkewe, gari lilipokata kona. “Hata akifukuzwa bado ananishusha.”

Binti yao Rita, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa mlangoni, miguuni soksi tu, simu mkononi.

“Mum, you searched his car. In the street.”

Peninah akamwambia aende akasome, kwani mitihani haipigiwi gitaa. Lakini alipoingia ndani hakumtazama mtoto machoni, na alipopita dirishani aliona jirani bado hajatupa ule mfuko.

Chemchemi ilikuwa bendi ya watu sita, na ilikuwa bendi ya kelele. Haikuomba radhi kwa hilo. Ilipiga benga, rumba na rege, na katika zote hizo besi ndiyo iliyotangulia, wengine wakifuata nyuma kama ng’ombe wanaoijua njia. Wakenya wa Birmingham waliwaita kwa harusi na harambee kwa sababu hiyo moja: ukicheza na Chemchemi, wimbo unaingilia kifuani kabla haujafika sikioni.

Sifa hiyo haikuja yenyewe. Athanase alipofika, mwaka juzi, alikuta kila mpiga chombo amefungua sauti ya amplifaya yake hadi mwisho, kila mmoja akijitetea dhidi ya mwenzake, na mwimbaji akipaza sauti hadi koo linatoka damu. Mtu huyu wa Bukavu, mpole, mwenye kazi ya usiku kwenye ghala la vifurushi, akaanza kuwapunguza. Alimwambia Bethuel ashushe amplifaya na kuipandisha juu ya kiti, kwa sababu, alisema, inaongea na magoti wakati masikio yako juu. Kinanda alikikata sauti za chini, gitaa za solo vilevile, hata sauti ya Eric, akieleza kwamba huko chini ni nyumba ndogo, inatosha besi na ngoma kubwa tu, na wapangaji wengine wote lazima watoke. Sauti kubwa, alisema, haijengwi kwa kuongeza. Inajengwa kwa kuondoa.

Hakuna aliyempenda kwa hilo, lakini lilifanya kazi. Kwenye harusi moja ya Desemba bibi mmoja wa Vihiga alicheza hadi kisigino cha kiatu kikakatika, akaendelea na kimoja. Na kila neno la Eric lilisikika, hata yale aliyoyakosea.

Kisha ikaja Pasaka, na baada ya Pasaka mambo yakaharibika. Harusi ya Smethwick watu walikaa vitini. Harambee iliyofuata mzee mmoja, mgeni wa heshima, alimwita Bethuel mezani, akamshika mkono kwa upole, akamuuliza, “Kijana, hilo gitaa lako la nyuzi nne ni la kupigia picha?” Meza nzima ikacheka. Bethuel alicheka nao, akarudi nyumbani akakaa kwenye ngazi bila kuvua koti.

Alikuwa amepunguza zamu zake ghalani ili apate Jumamosi za bendi. Spika mbili kubwa za besi walizinunua kwa akiba ya miaka miwili, akiba ambayo Peninah aliikusanya kwa kuwaogesha na kuwalaza wazee wa watu wengine. Kwa hiyo Peninah aliposikia kwamba Eric amemwona Athanase na vijana wa Coventry, mwezi uleule wa Pasaka, aliweka hili na lile pamoja. Alikuwa mtu wa kuweka vitu pamoja. Jumanne hiyohiyo, baada ya lile buti, alifungua kundi la WhatsApp la Wakenya wa Midlands, lenye watu zaidi ya mia mbili, Athanase akiwemo, akaandika kwamba wanaoshangaa kwa nini Chemchemi imepoa wajue kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba mtu wa miksa ameondolewa. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Chemchemi ilikuwa na mtu mmoja wa miksa, na jina lake lilikuwa Athanase.

Jioni walikuwa wameshaliandika wengine.

Jumamosi saa nane mchana walikuwa Washwood Heath, kwenye ukumbi uliokuwa zamani ghala la vigae. Msimamizi wake alikuwa Idil, Msomali aliyekulia Eastleigh, akapitia Uholanzi, na sasa alitembea humo ndani na rundo la funguo akihesabu viti kama mama mwenye nyumba anavyohesabu vijiko. Harusi ilikuwa ya muuguzi wa Kikenya. Wageni wangefika saa kumi na moja. Ilikuwa pia, na hilo Bethuel alilisema garini mara mbili, harusi ya mwisho kwenye kalenda yao. Ya Juni ilikuwa imevunjwa siku ya Jumatano, kwa ujumbe mfupi wenye alama ya mikono ya sala.

Peninah ndiye aliyekaa kwenye miksa. Alikuwa na stashahada ya umeme kutoka chuo cha ufundi kule Kakamega, na ingawa katika miaka kumi na mitano ya Uingereza hakuna mwajiri aliyewahi kuomba kuiona, vitufe havikumtisha. Meza ya miksa iliwekwa palepale pa siku zote, ubavuni karibu na mlango wa jikoni, maana katikati ni pa meza za wageni na hakuna bibi harusi anayetaka nyaya kwenye picha zake.

Bethuel aliteremsha amplifaya kutoka kwenye kiti, akaiweka sakafuni kama zamani, akaifungua hadi namba nane. Hakukuwa na wa kumkataza. Mwenye kinanda akaona hivyo, akapandisha chake. Wimbo wa kwanza ulitoka kama matope yakimwagwa kutoka kwenye lori. Eric alikuwa anafungua mdomo na hakuna neno lililotoka kwenye matope hayo.

Pale alipokaa, Peninah aliona wazi ubaya uko wapi. Besi ilikuwa nyingi mno. Ilitikisa kikombe chake cha chai. Akaishusha.

“Umenishusha!” Bethuel akasema kupitia maikrofoni ya Eric.

“Imezidi.”

“Imezidi wapi? Eric, shuka hapo mbele usikilize.”

Eric akashuka, akasimama katikati ya ukumbi, akatikisa kichwa. Hasikii besi. Peninah akaipandisha hadi meza yake ikaanza kunguruma. Eric akatikisa kichwa tena. Akapandisha. Eric akainua mabega.

“Wewe pia unanifanyia hivyo?” Bethuel akauliza. Hakuuliza kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Peninah. Aliuliza kwa sauti ileile aliyokuwa akimuulizia Athanase, sauti ya mtu anayegeuka kuona ni nani tena aliye nyuma yake.

“Kwa hiyo na mimi nimelipwa na Coventry?” Peninah akasema.

Wanabendi wawili wakacheka. Bethuel hakucheka. Peninah naye, baada ya kulisema, alilisikia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Athanase dakika ishirini, hakuwa na nia mbaya na mtu yeyote, na tayari alikuwa mshukiwa.

Idil alikuwa amekuja hadi kwenye meza ya miksa, akainama ili asikike. “Mama Rita, sikiza. Mimi siingilii mambo ya bendi. Lakini hapa katikati, pale maharusi watakaa, mnaskika kama simu imewekwa kwa glasi. Enda pale kwa choo. Kwa choo ni harusi kabisa.”

“Na mara ya mwisho, kwenye harambee?”

“Ilikuwa hivyo hivyo. Yule Mkongo wenu alizunguka hii hall kama mtu amepoteza pete. Nikamwambia atoke kwa miguu ya waiters wangu.”

Peninah akamwambia Bethuel apige noti moja tu, ya chini, asiache. Wengine wote wanyamaze. Kisha akaondoka mezani akatembea.

Karibu na ukuta wa vyoo noti ile ilimshika kifuani. Akavuka kuelekea katikati, na kila hatua ilipungua, hadi alipofika mbele ya meza ya maharusi ikawa kama imefungiwa nyumba ya tatu. Akaendelea. Ukuta wa pili ikarudi, nzito, ikitikisa fremu ya dirisha. Akarudi katikati. Hakuna. Spika zote mbili zilikuwa zinafanya kazi, moja kushoto mwa jukwaa na nyingine kulia, aliona vitambaa vyao vikitetemeka.

Akasimama hapo. Kitu alichokiona kilikuwa cha zamani sana, cha darasani, cha chaki ubaoni. Mota ya kusaga ukibadilisha waya mbili inazunguka kinyume. Spika nayo ni hivyo: moja ikisukuma hewa na nyingine ikiivuta kwa wakati uleule, anayesimama katikati hapati kitu. Na hata ukiongeza nguvu, zinaendelea kufutana.

Akaenda jukwaani akachomoa spika ya kushoto.

Besi ikaja. Ilikuja katikati ya ukumbi, spika moja ikiwa imezimwa, ikamfikia Eric, ambaye aligeuka kuangalia nyuma yake.

“Hapo sasa,” Idil akasema. “Mmeongeza nini?”

“Nimeondoa moja,” Peninah akasema.

Akaomba bisibisi. Alikaa kwenye ukingo wa jukwaa na kebo zote mbili mapajani, na moyo wake ulikuwa mwepesi, lazima lisemwe. Alikuwa anatafuta mkono wa Athanase. Akiukuta humu ndani, akikuta waya uliogeuzwa makusudi, atapiga picha na kuituma, na hata lile buti litakuwa limelipwa.

Kebo ya kulia ilikuwa sawa pande zote mbili, waya wa kahawia kwenye alama ya kujumlisha, wa buluu kwenye ya kutoa. Ya kushoto, upande wa amplifaya, ilikuwa sawa pia. Akafungua plagi ya upande wa spika. Buluu ilikuwa kwenye kujumlisha.

Lakini hakumwita mtu. Alikuwa anatazama ncha za waya. Zilikuwa zimesokotwa vizuri, zikakunjwa mara mbili juu yake zenyewe kabla ya kubanwa na skrubu, ili zisichomoke, na shingoni mwa plagi mlikuwa na utepe wa njano uliozungushwa mara tatu. Hakuna mtu mwingine katika bendi hiyo aliyekunja waya mara mbili. Walifundishwa kukunja hivyo Kakamega, na mwalimu aliyekuta waya haujakunjwa aliukata kwa koleo mbele ya darasa.

Jumamosi kabla ya Pasaka Bethuel alikuwa ameikanyaga plagi hiyo akaivunja. Peninah alikuwa ametoka zamu ya usiku. Alinunua nyingine, akakaa jikoni, akaifunga kabla ya kulala, akajisikia, kwa nusu saa hiyo, fundi. Kwamba kahawia ndiyo yenye moto na buluu ndiyo ya kurudisha, alijua. Kila fundi anajua. Lakini kebo ile ilikuwa nene, nyeusi, ya mpira, sawasawa na zile za mota, na kwenye mota za enzi zake buluu ilikuwa mojawapo ya waya tatu zenye moto. Alipokuwa mwanafunzi wa mazoezi kwenye kinu cha posho huko Webuye, waya wa buluu ulimtupa ukutani. Kichwa kilikuwa kinasinzia, na mkono ukakumbuka kinu, ukaifunga buluu kwenye kujumlisha. Alijaribu spika moja, ikalia, akaridhika. Spika moja hulia hata ikiwa kinyume. Haina wa kugombana naye.

Yote aliyoyasema Athanase yakaanza kupita, na kila moja likiwa na mahali pake. Alikuwa ameketi palepale karibu na jikoni ambapo besi ilizidi, ndiyo maana aliishusha. Alizunguka ukumbi kama mtu aliyepoteza pete, ndiyo maana aliomba waya. Zote, kwa sababu ile mbovu hakuijua ni gani.

Bethuel alikuwa amekuja akachungulia. Alikuwa mpiga besi, si fundi, lakini utepe wa njano aliujua. Ulikuwa kwenye droo ya jikoni kwake.

“Ni ile ya Pasaka?” akauliza polepole.

“Ni ile.”

Akatazama nyuma. Wenzake walikuwa mbali, Idil alikuwa anahesabu viti. Akachuchumaa.

“Geuza, funga. Dakika mbili. Tupige, tule, twende nyumbani. Nani atajua?”

“Na leo sauti ikiwa nzuri, watu watasema nini?”

“Watasema Chemchemi imepona.”

“Watasema aliyeondoka ndiye aliyekuwa ugonjwa.”

Bethuel akasugua uso. “Sijasema tumwache hivyo. Wiki ijayo tunamwita nyumbani, tunachoma nyama, tunaongea kama watu wazima. Polepole. Unataka nini, Mama Rita? Unataka watu waseme mke wa Bethuel ndiye alimharibia bendi? Leo? Harusi ya mwisho?”

Hilo lilikuwa swali la kweli, naye alilipima. Kwa miaka kumi na mitano kitu kimoja kilikuwa chake bila ubishi: kwamba anajua umeme. Alikisema kazini wakati taa zinapopasuka, alikisema kwa binti yake, alikisema moyoni anapobadilisha shuka za mzee anayemwita kwa jina la mtu mwingine. Bisibisi ilikuwa mkononi. Skrubu mbili tu. Na ukweli wenyewe ungezikwa humo, umebanwa vizuri, umezungushiwa utepe.

Tena wazo jingine lilimjia, la shaka, kama yalivyokuwa mawazo yake yote wiki hiyo. Safari hii halikumhusu Athanase. Alimtazama mumewe, akajiuliza ni mangapi mengine waliyokwisha kuyafunga hivyo, dakika mbili mbili, na kuyaita amani.

Akairudishia plagi kifuniko bila kugeuza waya. Akaikunja kebo begani, akachukua funguo za gari.

“Unaipeleka wapi?” Bethuel akasimama. “Bila hiyo tuna spika moja.”

“Moja inatosha hadi nirudi. Umesikia mwenyewe. Na pandisha amplifaya juu ya kiti, uishushe hadi tatu. Kinanda pia kishushwe.”

“Peninah.”

Hakuwa amemwita jina hilo tangu Rita azaliwe. Lakini alikuwa ameshapita mlangoni, na Idil alikuwa amemfungulia.

Hadi Castle Vale, anakoishi Athanase, ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Alipita mabati yaliyouzunguka uwanja wa zamani wa kiwanda cha magari, kebo ikiwa kwenye kiti cha abiria, na njiani alijaribu maneno manne ya kuanzia, akayatupa yote.

Mlango ulifunguliwa na mke wa Athanase, Mama Mapendo, mtoto kiunoni. Alimtambua mgeni mara moja. Hakusema karibu. Alisogea tu hadi akaujaza mlango, akamtazama kutoka viatuni hadi kwenye kebo.

“Umekuja kupekua na nyumba?”

“Nimekuja kumwona Baba Mapendo.”

“Analala. Anafanya kazi ya usiku, kama hujui.”

Lakini Athanase alikuwa ameshasikia, akaja nyuma ya mkewe akiwa na fulana na kandambili, macho mekundu. Peninah hakungoja kukaribishwa. Alimkabidhi kebo juu ya bega la mkewe, pamoja na bisibisi.

“Fungua upande wa utepe wa njano.”

Athanase akafungua pale mlangoni, akaielekeza kwenye mwanga. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akagusa ncha zilizokunjwa kwa ukucha.

“Kazi safi,” akasema. “Safi sana. Lakini kinyume.”

“Ni mkono wangu. Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Ulikuwa sawa tangu mwanzo.”

Mama Mapendo akamgeukia mumewe, wakasemezana haraka kwa lugha ya kwao. Peninah hakuelewa neno. Aliona tu kwamba mwanamke hakuridhika, na hakushangaa. Angekuwa yeye, angeomba kuona risiti.

“Mama Rita,” Athanase akasema, “kuniambia mimi, ni vizuri. Mimi nilijua siko mwizi. Lakini wewe uliandika kwa bantu mia mbili. Alhamisi pasteri alinipigia simu. Kesho nisishike miksa ya kanisa. Anasema nipumzike kidogo, hadi maneno yatulie.”

Peninah hakuwa amelijua hilo. Alisimama nalo kwenye kizingiti, mtoto akimkodolea macho. Angeweza kusema ataandika kitu kwenye kundi akifika nyumbani. Maneno ya kuandika hupangwa, hupunguzwa makali, hufutwa.

“Leta simu yako,” akasema. “Si yangu. Yako. Rekodi sauti yangu, uipeleke kwenye lile kundi wewe mwenyewe.”

“Sasa hivi?”

“Kabla sijapata akili.”

Athanase akatoa simu mfukoni, akabonyeza kwa kidole gumba, akaishika kati yao. Peninah akajikohoa.

“Habari zenu. Kuhusu mambo ya bendi, tulikosea kidogo, kulikuwa na hitilafu kwenye—”

“Tulikosea ni nani?” Mama Mapendo akamkata. “Na kidogo ni ngapi? Futa, papa. Anza upya. Aweke na jina.”

Athanase akafuta. Mlango wa jirani ulikuwa umefunguliwa, na mtu alikuwa ametoka na kusimama. Peninah alimwona kwa pembe ya jicho. Hakumgeukia, wala hakusogea ndani, ingawa sasa Mama Mapendo alikuwa ameacha nafasi ya kutosha. Athanase akabonyeza tena.

“Mimi ni Peninah Nafula, mke wa Bethuel wa Chemchemi. Jumanne nilimpekua Athanase gari lake barabarani, kisha nikaandika hapa mkaamini kwamba yeye ndiye anayeharibu sauti ya bendi. Aliyeharibu ni mimi. Kebo ya spika niliifunga kinyume, kwa mkono wangu, jikoni kwangu. Athanase aliomba kuiangalia, nikamkatalia. Hakuharibu kitu, na hakuiba kitu. Pasteri wake akiwa humu, asikie.”

Athanase akaachia kidole, na sauti ikaenda kwenye kundi.